Wali wa nazi na samaki wa kupaka wa Tanga: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua nazi

Wali wa nazi na samaki wa kupaka ni chakula ambacho Tanga nzima inajua kukila, lakini si kila nyumba inayoweza kukipika kikapikika. Wanaoshindwa hudhani kasoro iko kwenye viungo. Wanaongeza bizari, wanaongeza pilipili manga, mwisho wanatumbukiza na vidonge vya supu, na bado ladha haiji. Kasoro iko kwenye tui. Nazi moja inatoa tui zito na tui jepesi, na kila moja lina saa yake ya kuingia jikoni. Ukiyamwaga yote kwa pamoja tangu mwanzo, wali utaiva na samaki ataiva, ila ule utamu wa nazi utakuwa umechemka hadi ukaisha.

Kwa hiyo humu nitakaa sana kwenye nazi na kwenye samaki. Mengine ni mepesi.

Mahitaji ya watu 6

Kwa wali: mchele kilo 1, ambao ni kama vikombe 5 vya robo lita, na chumvi vijiko 2 vya chai. Ukipenda, weka punje 3 za iliki. Sipendi kuweka zaidi ya hapo, kwa kuwa wali huu utakutana na mchuzi wenye viungo vyake.

Kwa samaki: samaki mmoja wa kilo 1 na nusu hadi 2, tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba, thomu punje 6, pilipili mbuzi 1 au 2, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, ukwaju uliolowekwa na kuchujwa vijiko 3 vya chakula, ndimu 2, chumvi.

Na nazi kubwa 4 za vyote viwili.

Kuchagua nazi

Ukifika kwa muuza nazi, iwe Ngamiani au gengeni kwenu, mwambie unataka nazi za tui. "Shikamoo mama, nipatie nazi zilizokomaa, za wali" inatosha, naye atajua asikupe koroma. Koroma imepita udafu lakini haijafika unazi. Nyama yake ni laini na tamu, mafuta yake machache, na tui lake halishiki wali. Ukiitikisa haisikiki vizuri kwa sababu bado imejaa maji hadi juu. Nazi iliyokomaa ukiitikisa unasikia maji yanapiga ndani, na mkononi ina uzito. Isiyo na maji kabisa iache, kwani huenda ina ufa au imeanza kuwa mbata. Yaangalie na yale macho matatu: yakiwa na ukungu au unyevu, iache.

Nyumbani, ivunje juu ya bakuli kwa kuipiga kiunoni kwa mgongo wa panga huku ukiizungusha. Kabla ya kukuna, onja maji yake. Yakiwa machungu au yananuka mafuta yaliyochacha, nazi hiyo usiichanganye na nzima. Moja mbovu inaharibu sufuria nzima, na hakuna kiungo kitakachoifunika. Maji mazuri wape watoto wanywe. Usiyatie kwenye tui, kwa sababu yana sukari na yatalifanya lichache haraka.

Kukuna na kukamua

Kaa vizuri juu ya mbuzi, sinia chini, ukune ukianzia pembeni kwenda katikati. Ukune ile nyeupe tu. Ukifika kwenye ganda la kahawia simama, maana linaingiza weusi na uchungu kidogo. Nyumba nyingi siku hizi hununua nazi iliyokunwa tayari sokoni, na si vibaya, ila hakikisha inakunwa mbele yako. Iliyokunwa asubuhi ikashinda kwenye beseni hadi mchana, kwa joto la Tanga, imeshaanza kugeuka.

Tia machicha ya nazi zote 4 kwenye beseni safi, mimina vikombe 3 vya maji ya vuguvugu, kisha tomasa kwa mikono dakika 2 au 3. Yasiwe ya moto wa kuunguza, mkono uvumilie bila shida. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, kwa hiyo ukitumia maji ya friji mafuta yanabaki kwenye machicha unayoenda kuwapa kuku. Wenzetu wa Lushoto wanalijua hili: kule baridini tui huganda juu ya bakuli lenyewe.

Kamua kwa kifumbu kama unacho. Kama huna, tumia chujio la plastiki lenye matundu madogo, au kitambaa cheupe kilichofuliwa bila sabuni ya manukato. Kitambaa kikinukia sabuni, wali utanukia sabuni. Hili la kwanza ndilo tui zito, kasimile, na utapata kama vikombe 4. Ligawe hapohapo: vikombe 2 na nusu vya samaki, kikombe 1 na nusu cha wali.

Rudisha machicha kwenye beseni, mimina vikombe 6 vya maji ya vuguvugu, tomasa tena, kamua. Hili ni tui jepesi, lote la wali. Lipime. Likizidi vikombe 6, kinachozidi kipikie mchicha.

Mwenye blenda asikune. Aibandue nyama, aikatekate, asage na maji ya vuguvugu kidogo kidogo, kisha akamue kwa mpangilio uleule wa mara mbili. Blenda inasaga hadi ganda la kahawia kama hukulimenya, basi limenye. Tui la kopo au la pakiti nalo lina matumizi yake kwa aliye mbali na minazi. Kwa kawaida ni zito, na mengine yana vishikizo vinavyolizuia kukatika, kwa hiyo kwa wali lizimue kwa maji, kwa samaki litumie kama lilivyo.

Tui lisikae. Kwenye joto la mwambao, kamua pale mchele unapokuwa umeshaoshwa na jiko limeshashika. Likibidi kusubiri zaidi ya saa moja, liweke kwenye friji.

Wali

Mchele wa Kyela au wa Mbeya una harufu nzuri na ni rahisi kuupata Tanga. Upepete, uchague chuya na mawe, uoshe mara 2 au 3 hadi maji yakaribie kuwa meupe, kisha uuache kwenye chujio ujikaushe. Muulize muuzaji kama ni mchele mpya. Mpya una unyevu wake tayari, basi punguza tui jepesi kwa nusu kikombe. Uliokaa ghalani unakunywa zaidi.

Chemsha tui jepesi pamoja na chumvi kwenye sufuria nzito, iliki ikiwemo kama unaiweka. Koroga mpaka lichemke, kisha mimina mchele, geuza mara moja, funika kwa kuacha mwanya. Moto uwe wa wastani. Usiuchokoechokoe, kila ukiukoroga punje zinakatika na kutoa wanga, na wali unakuwa bokoboko.

Unapoona tui limekauka juu na kuacha vishimo vidogovidogo kwenye uso wa mchele, hapo ndipo saa ya kile kikombe 1 na nusu cha tui zito. Limwagie kuzunguka, geuza kwa mwiko kutoka chini kwenda juu mara moja tu, funika. Tui zito likiingia sasa halichemki kwa fujo, linamezwa na punje, na harufu yake inabaki ndani ya wali badala ya kujaza uani.

Punguza makaa ya chini yabaki machache, mengine yapalie juu ya mfuniko. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Kupalia kunakausha juu bila kuunguza chini, na chini unabaki ukoko mwembamba wa rangi ya dhahabu ambao watoto hugombea. Kwa jiko la gesi, weka kikaango cha chapati chini ya sufuria, moto mdogo kabisa, na juu funika kwa kitambaa safi kilichokunjwa chini ya mfuniko kidake mvuke. Ncha za kitambaa zifungie juu zisishike moto. Mwenye oveni anaweza kuiingiza sufuria ndani kwa nyuzi 150 kwa muda huohuo, mradi mikono ya sufuria si ya plastiki.

Samaki: sokoni

Nenda Deep Sea au Sahare mapema, boti zinapoingia. Kwa kupaka, mimi huchagua changu au kolekole kwanza, chewa akipatikana ni bora, na tasi wadogo nao wanafaa ukichukua wawili watatu. Hawa wana nyama nyeupe inayoshikana na wanastahimili wavu wa kuchomea. Nguru ni mtamu kwa mchuzi wa vipande, lakini kwa kuchomwa mzima hukauka upesi.

Mfunue mashavu: matamvua yawe mekundu na yenye unyevu, yasiwe ya kahawia wala yenye ute mzito. Jicho liwe limetokeza na linang'aa. Bonyeza mgongo kwa kidole, nyama irudi. Harufu iwe ya bahari. Wakati wa kusi bahari huchafuka, boti nyingi hazitoki, samaki hupungua na bei hupanda. Ni katika siku hizo unapaswa kuwa mkali zaidi wa kukagua, maana ndipo waliolala wanapoletwa mbele.

Kuna jambo moja silifanyii mzaha. Samaki wa baruti, yaani aliyevuliwa kwa mlipuko, usimnunue hata kwa nusu bei. Utamjua ukimpasua: uti wa mgongo umevunjika au umeachana na nyama, damu imevilia tumboni, na nyama ni tepetepe ingawa jicho linang'aa. Hawezi kushika kwenye wavu, atabomoka. Na kila mlipuko unavunja matumbawe ambayo samaki wa kesho wanazaliana humo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imeukataza uvuvi huo. Pwani ya Tanga imeumizwa na baruti kwa miaka mingi, na mnunuzi anayekataa ana mchango wake katika kuumaliza.

Jodari, vibua na nguru wana hatari nyingine. Wakishinda bila barafu hutengeneza sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaangwa. Mtu anawashwa, anakuwa mwekundu usoni, kichwa kinamgonga. Ukila samaki wa aina hiyo ukahisi ulimi unachoma kwa namna isiyo ya pilipili, acha kula. Kwa nyumba iliyo mbali na soko, beba ndoo yenye barafu.

Kumtayarisha

Mpare magamba ukianzia mkiani. Kisha mpasue mgongoni, kisu kikipita kando ya uti kutoka kichwani hadi mkiani, tumbo ukiliacha lishikilie pande mbili, umfungue kama kitabu. Toa matumbo na matamvua, kwangua ile damu nyeusi iliyoganda kwenye uti, suuza haraka, mkaushe kwa kitambaa. Damu hiyo ndiyo inayoleta shombo, na watu wengi huisahau wakaja kulaumu samaki.

Twanga tangawizi, thomu na pilipili kwenye kinu. Gawa mafungu mawili. La kwanza changanya na chumvi kijiko 1 cha chai na maji ya ndimu moja, mpake samaki ndani na nje. Mwache dakika 20 hadi 30, asizidi. Ndimu ikikaa muda mrefu inaibadilisha nyama ikawa nyeupe na ngumu kabla haijaona moto, na akifika kwenye makaa anakauka.

Mchuzi wa kupaka

Hapa tui ndilo linalopima mkono wa mpishi. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikiliwa na protini ya nazi yenyewe. Moto mkali unaigandisha ile protini, mafuta yanaachana na maji, na mchuzi unabaki na vipande vyeupe juu ya maji ya njano. Ndiko kukatika kwa tui. Ukali wa ukwaju au ndimu unaharakisha jambo hilo hilo.

Tia tui zito vikombe 2 na nusu kwenye sufuria pamoja na lile fungu la pili la viungo na manjano. Weka kwenye moto mdogo, anza kukoroga kabla halijapata joto. Chota kwa upawa na umimine kutoka juu, chota na umimine, usiache. Wapo wanaosisitiza kukoroga upande mmoja tu. Upande hauna neno. Neno ni kutoliacha litulie, na kutoliacha litokote kwa nguvu. Linapoanza kupwita pembeni, endelea dakika 10 hadi 15 mpaka liwe zito, linashika mgongo wa upawa na kidole kikipita juu yake kinaacha njia. Epua. Sasa ndipo utie ukwaju, kijiko kimoja kimoja, ukionja, na chumvi mwisho kabisa, kwa kuwa mchuzi umepungua na chumvi ya mwanzo ingekuwa imezidi.

Nyanya siziweki. Zinaleta maji na ukali wa ziada, na mchuzi unageuka kuwa wa samaki wa kawaida. Najua ziko nyumba nzuri tu za Pwani zinazoziweka. Ukiziweka, zikaange peke yake hadi zikauke, ndipo ziingie.

Likianza kukatika, epua mara moja, tia vijiko 2 vya tui baridi na ukoroge kwa nguvu. Likikataa, lisage kwenye blenda likiwa limepoa kidogo. Tui lililokatika linalika vizuri, halina madhara, ila halitashika juu ya samaki.

Kuchoma na kupaka

Makaa yawe yameshavaa jivu, bila ndimi za moto. Pasha wavu, upake mafuta kidogo, ndipo umlaze samaki, upande wa nyama chini. Asiguswe dakika 5 hadi 6. Samaki anayeng'ang'ania wavu bado hajawa tayari kugeuzwa, akishashika rangi ataachia mwenyewe. Mgeuze ngozi iwe chini, na hapo ngozi inakuwa sahani yake.

Paka mchuzi juu ya nyama kwa kijiko, tabaka jembamba. Likianza kukauka na kuvuja mapovu madogo, paka jingine. Mara 3 zinatosha, kwa jumla ya dakika 12 hadi 15. Usimimine mwingi kwa pamoja, utadondoka kwenye makaa, utatoa moshi wa mafuta na uchungu wake utamrudia samaki. Ukitaka juu pawe na madoa ya kahawia, weka bati lenye makaa juu yake kwa dakika 2, kwa namna ileile uliyopalia wali. Ameiva pale nyama iliyo karibu na uti inapokuwa nyeupe kabisa na kuachana na mfupa bila kulazimishwa. Samaki wa kilo 2 mwangalie mabegani, ndipo panapochelewa.

Kwa oveni: choma kwa moto wa juu, paka kwa utaratibu huohuo. Ladha ya mkaa utaikosa, mengine yote utayapata.

Mezani

Pakua wali kwenye sinia, samaki juu au pembeni, mchuzi uliobaki uupashe kidogo bila kuchemka na uumwagie. Kachumbari ya embe bichi, vitunguu maji, pilipili na chumvi inatosha. Embe likikosekana, ndimu ile ya pili. Ukipenda kubadili, mchuzi huu unakwenda vizuri sana na bada, ugali wetu wa unga wa muhogo, na ni mlo wa gharama ndogo kuliko wali. Baadaye, msimu ukiwa umefika, machungwa ya Muheza.

Kilichobaki kisilale jikoni. Wali utandaze kwenye sinia upoe upesi, kisha uingie kwenye friji ndani ya saa 2. Chakula cha tui huchacha kabla hujakidhania, na wali uliolala kwenye joto unaweza kuumiza tumbo hata kama haunuki. Mchuzi uweke kwenye chombo cha peke yake. Asubuhi utaukuta umeganda juu, upashe kwa moto mdogo huku ukikoroga, ule na mihogo ya kuchemsha.